Ukali wa Lenzi na Ukali wa Baba

Nyumbani kwetu,
Chumba cha nyuma, kando ya dirisha,
Jumapili, tarehe kumi na nne, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imepata joto, na kile kikohozi tulichokisikia kwenye simu mara ya mwisho kimekuacha. Bibi anauliza kama unavaa soksi mbili mbili. Nimemwambia kwamba mtu mzima mwenye kazi ya heshima haulizwi habari za soksi. Akasema yeye ndiye aliyekuzaa na soksi za kwanza alikuvalisha yeye, kwa hiyo niandike. Nimeandika. Tafadhali ujibu hilo kwanza kabla ya mengine yote, nipate amani ndani ya nyumba hii.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anasema umekuwa mvivu wa kupiga simu. Baba ni mzima, ingawa kuna siku mbili wiki hii tulidhani si mzima, na hilo nitalifikia. Dada ni mzima kama mtu anayeolewa mwisho wa mwezi anavyoweza kuwa mzima: anacheka, analia, anapima viatu. Mimi pia sijambo. Mitihani imekwisha na matokeo bado, tusiyaguse.

Umeona mwenyewe kwamba rafiki yako amekuja na bahasha peke yake, bila ule mfuko mweusi. Kwa hiyo umeshajua kwamba kamera uliyonitumia haijarudi. Lakini ilibaki kidogo irudi, na pamoja nayo ingeondoka furaha yangu yote ya mwaka huu. Nataka nikueleze kwa utaratibu, maana kwenye simu mimi husema "ndiyo, Mjomba" na "asante, Mjomba" halafu nampa Mama. Kwenye karatasi nina maneno.

Kwanza asante tena. Siku kamera ilipofika, Dada alisema mbele ya watu wote kwamba picha za harusi yake nitapiga mimi. Hujui nilivyofurahi. Wewe unanijua kwenye sherehe. Natafuta kona yenye kiti, nakaa nyuma ya chungu cha maua, na mtu mzima akinisalimia nasahau hata jina la shule yangu. Lakini mtu mwenye kamera haulizwi kitu. Anapita popote, anatazama watu apendavyo, na wote wanaona yuko kazini. Nilijiona nimepata kazi iliyoshonwa kwa kipimo changu.

Basi nikaanza mazoezi. Nilipiga picha kila mtu wa nyumba hii, na kila mtu akatoka na ukungu. Mama alionekana kama amesimama nyuma ya birika linalochemka. Bibi aliitazama picha yake, akaigeuza kamera, akaitazama na kwa nyuma, akaniuliza, "Mke mwenzangu, huyu ni mimi au ni moshi wangu?"

Dada hakucheka. "Mimi naolewa mara moja," akasema. "Sitaki wajukuu zangu waje waambiwe bibi yenu aliolewa ndani ya wingu." Akatangaza kwamba atampa kazi mpiga picha wa studio iliyo jirani na duka la dawa anakofanya kazi. Yule bwana sijui kama ulimkuta. Ana ukuta uliochorwa maporomoko ya maji, na kila anayeingia kwake, awe bibi harusi au mtoto wa chekechea, lazima asimame mbele ya maporomoko akiwa ameshika kidevu.

Mama akatoa hukumu. Rafiki yako anasafiri Jumatano, na wewe ulisema duka ulikonunua bado linapokea kitu kikiwa na kasoro. Kwa hiyo nipime lenzi. Ikiwa mbovu, iondoke na mgeni, na Dada ashike kidevu. Ikiwa nzima, kazi ni yangu. Baba hakuwepo hukumu ilipotolewa. Alikuwa amesafiri kukagua mizani za masoko ya nje, na naomba ulishike hilo, maana ndilo lililoleta balaa.

Hapa lazima niseme neno kuhusu shemeji yako. Wewe unamjua kama mtu wa utani kwa sababu anakutania wewe. Sisi wengine tunaishi na mkaguzi wa mizani. Sokoni wanamwita Gramu. Akitokea kwenye duka la nyama, watu waliokuwa wakicheka wanaanza kufuta meza. Hajawahi kunipiga, wala hapazi sauti. Anakutazama tu, kama anayesubiri sindano ya mizani itulie, na wewe unajikuta umesema kila kitu, hata usichoulizwa.

Nilipata kitabu cha upigaji picha maktabani, cha zamani, chenye wanaume waliovaa tai hata wanapopiga picha bata. Kitabu kinasema ukitaka kujua lenzi ina ukali gani, bandika gazeti ukutani, liwe limenyooka, kamera iwe imara isitikisike, kisha upige ukilifungua na kuliziba tundu la mwanga kidogo kidogo. Baadaye unalinganisha herufi za katikati na za pembeni. Zikisomeka zote, lenzi ni kali. Zikififia upande mmoja, huenda lenzi iligongwa na kioo cha ndani kikahama mahali pake.

Nikachukua gazeti juu ya meza, nikalibandika sebuleni kwa selotepu. Kamera sina cha kuisimamishia, basi nikaiweka juu ya meza ya pasi, chini yake mfuko wa maharage ili ilale vizuri. Ile saa ya kamera inayohesabu yenyewe nikaiwasha, kusudi nisiitikise kwa kidole. Lakini sakafu yetu ya mbao unaijua. Mtu akipita jikoni, vikombe vya kabatini vinasalimiana.

Nikaomba watu wasitembee. Bibi alikuwa kwenye kiti chake anachambua mboga.

"Nisitembee?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Mikono?"

"Mikono ruhusa."

"Na kupumua?"

Nikafikiri. Kitabu hakikusema lolote kuhusu kupumua. Nikamwambia apumue polepole. Basi kila kamera ilipoanza kuhesabu, Bibi alijaza mashavu hewa na kutoa macho, na ilipolia alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Alasiri ikaenda hivyo. Mama alipotoka kazini akamkuta mama yake amechoka hoi bila kuinuka kwenye kiti.

Shida ya pili ilikuwa gazeti lenyewe. Kumbe ukibandika gazeti ukutani, hakuna anayepita bila kulisoma. Mama alisimama mbele ya lenzi akasoma habari za vitunguu kupanda bei. Jirani alikuja kuomba ngazi, akamaliza ukurasa mzima, akaondoka bila ngazi. Ndipo nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni kwa nje: KIMYA. HUMU UKALI UNAPIMWA.

Sasa Mjomba, wewe ndiye uliyenitia mapenzi ya sarufi, kwa hiyo utanielewa. Kama ningeandika "lenzi inapimwa," nyumba ingekaa salama. Hata kama ningesema kwa mdomo kwamba "ni kali" au "si kali," mtu angejua ni kitu, maana binadamu angekuwa "mkali." Lakini mimi niliandika "ukali." Ukali ni neno lisilo na mwenyewe. Linaweza kuwa la kisu, la jua, la chai, la mbwa. Au la baba.

Alhamisi jioni Baba akarudi safari. Hatukumsikia akiingia. Akasimama mlangoni, akasoma karatasi yangu. Na sisi ndani, mimi na Dada, tulikuwa tunazungumza hivi:

"Haya, Profesa, huo ukali umeuonaje?"

"Upo. Lakini uko katikati tu. Ukisogea pembeni unalegea kabisa."

"Alaa! Sifa zote zile, kumbe!"

"Na kushoto umezidi kulia."

"Uzee huo," akasema Dada. "Mimi naona tumrudishie Mjomba tu. Yeye atajua pa kupeleka."

Baba akaondoka mlangoni taratibu, akaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyogeuzwa. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mezani, usiku wa siku hiyo, Baba alimwambia Mama, "Naomba chumvi, tafadhali, kama haikusumbui."

Mama akabaki na kijiko hewani. Mimi nikatazama sahani yangu. Bibi akaniinamia sikioni akanong'ona, ila wewe unajua kunong'ona kwa Bibi, hata jirani anasikia: "Huyu wamemwachisha kazi?"

Ijumaa mambo yakazidi. Baba aliniuliza kama nimelala vizuri. Alimsifu Dada kwa viatu ambavyo wiki iliyopita aliviita ngazi. Asubuhi nilimkuta amemkanyaga paka mkia kwa bahati mbaya, na anamwambia, "Samahani sana, ndugu." Jioni muuza nyama wa mtaa wa pili akaja mwenyewe kumuuliza Mama kama mzee anaumwa, kwa sababu alipita kukagua mizani yake, akasema "asante kwa ushirikiano," akatabasamu. Muuza nyama alisema tabasamu lile lilimnyima raha kuliko faini.

Mimi sikuwa na nafasi ya kushangaa sana. Nilikuwa na huzuni yangu. Kila picha ya gazeti ilitoka vilevile, kushoto afadhali, kulia ukungu. Nilianza kuisafisha kamera ili ikupate ikiwa nadhifu.

Jumamosi, baada ya chai, Baba akaniita sebuleni. Akafunga mlango. Alikuwa ameshika kofia mapajani kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mwanangu," akasema, "nimesikia kuna kipimo."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi siwezi kukataa kipimo. Kila siku nawaambia watu, kama huna la kuficha unaogopa nini? Basi na mimi siogopi. Niambie ulichokiona."

Nilifurahi, Mjomba. Nilidhani Mama amemweleza habari za lenzi. Tena kwa mara ya kwanza Baba ananiuliza jambo ninalolijua.

"Ukali wenyewe si mbaya," nikamwambia. "Tatizo ni kwamba hauko sawa pande zote. Kushoto umezidi."

Baba akatazama mkono wake wa kushoto, kisha wa kulia. "Mezani, kushoto kwangu unakaa wewe," akasema polepole.

Nikaona amebadilisha mazungumzo, nikaitika kwa adabu. "Ndiyo, Baba."

"Na kulia anakaa dada yako."

"Ndiyo."

"Ni kweli. Dada yako namwachia. Hata mama yako alishaniambia." Akaipapasa kofia. "Na dawa yake?"

"Kitabu kinasema uzibe kidogo tundu la mbele. Likiwa wazi sana, kila kitu kinaharibika. Ukilibana, mambo yanatulia."

Baba akabana midomo. Akakaa hivyo kwa muda, amebana, ananitazama. Nikadhani anafikiri, nami nikaendelea. Nilikuwa nimeshika kasi, na unajua hilo kwangu ni nadra.

"Ila nadhani kwa hapa haitasaidia sana. Pengine chanzo ni kugongwa zamani, kitu ndani kikahama mahali pake."

Baba akagusa kichwa. "Niligongwa na baiskeli nikiwa darasa la nne," akasema. "Lakini ilikuwa begani."

Tukatazamana.

"Baba," nikasema, "tunazungumza habari za nini?"

"Za ukali wangu."

"Mimi nilikuwa nazungumza habari za lenzi ya Mjomba."

Akageuka akautazama ukuta. Akaliona gazeti, meza ya pasi, mfuko wa maharage. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikatafuta mlango kwa macho. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka vikombe vya kabatini vikasalimiana. Bibi akafungua mlango na mwiko mkononi, akamtazama, akasema, "Ahaa. Hawajamwachisha," akarudi jikoni.

Baba alipopata pumzi akafuta macho. "Siku mbili!" akasema. "Siku mbili nimemwambia hata paka samahani!" Kisha akainuka, akausogelea ukuta. "Na hili si gazeti langu, nililoagiza niwekewe?"

Nikajua Gramu amerudi. Nitakuambia ukweli, nilifarijika.

Alitazama mitambo yangu kwa namna anavyotazama mizani ya mtu anayemshuku. Akaenda kuleta mkoba wake wa kazi, akatoa kipimamaji, kile chenye kipovu cha hewa, na utepe wa kupimia. Akapima kutoka ukutani hadi mguu mmoja wa meza ya pasi, kisha mguu mwingine.

"Njoo uone. Meza imekaa upande. Kushoto kuko karibu na ukuta kuliko kulia. Hapo hukupima lenzi, umepima meza ya mama yako."

Aibu iliyonishika! Na mimi nilishasafisha kamera tayari kwa safari. Tukanyoosha meza. Baba akalipiga gazeti pasi, naam, kwa mikono yake, akalibandika upya likanyooka kama ubao. Akaamuru watu wasitembee. Bibi alipouliza habari ya kupumua, Baba akamjibu, "Mama, wewe endelea kama kawaida," na Bibi akaonekana kusikitika kidogo.

Tukapiga. Tukafungua picha kwenye kompyuta, tukaivuta hadi pembe ya chini kulia, palepale palipokuwa na ukungu. Palikuwa na tangazo dogo la kasuku aliyepotea, anayeitikia jina la Meneja. Tuliweza kusoma kila herufi, hata alama ya mkato. Baba akataka turudie. Tukarudia. Akataka turudie tena lenzi ikiwa wazi kabisa, kisha ikiwa imebanwa, na kila mara Meneja alisomeka. Lenzi yako, Mjomba, haina kosa.

Ndipo Dada akauliza swali ambalo sikutaka liulizwe. "Kama lenzi ni nzima, sisi mbona tulitoka moshi?"

Tukazifungua zile picha za mwanzo. Mama alikuwa anapita na nguo za kukunja, akasimama nyuma yetu. "Jamani," akasema, "pazia langu limetoka vizuri!"

Tukatazama. Ni kweli. Mama mwenyewe alikuwa ukungu mtupu, lakini nyuma yake pazia lilikuwa wazi mpaka unaona uzi uliokatika kwenye pindo. Tukaenda kwa Bibi. Bibi moshi, pazia safi. Dada wingu, pazia safi. Hata jirani, yule wa ngazi, pembeni ya sikio lake ua la pazia lilikuwa limechanua kama limenyeshewa.

"Mtuhumiwa ameonekana," akasema Baba. Safari hii hakuwa akitazama lenzi.

Ilibidi nieleze, na nilieleza nikiwa nimetazama kibodi. Kamera ina kile kimraba chekundu cha kulengea. Kinatakiwa kikae kwenye jicho la mtu. Lakini kikikaa kwenye jicho, yule mtu anakuwa ananitazama, na mimi namtazama, na hakuna aliye tayari kuacha kwanza. Naona kama namchokonoa kwa kidole. Basi bila kukusudia sana nakisogeza pembeni kidogo, kwenye pazia. Pazia halinitazami.

Hakuna aliyecheka, hata Dada. Lakini Dada ni mtu wa dukani, anataka bidhaa. "Sawa," akasema. "Lakini harusini sitaki picha za pazia. Kesho asubuhi upige mtu, mtu kweli, usoni. Nikiweza kuona kope moja moja, kazi yako. Nisipoziona, nakwenda kwenye maporomoko."

"Nani atakubali?" nikauliza, nikitumaini hakuna.

"Anipime mimi," akasema Baba. "Nilishajiandaa tangu Alhamisi."

Leo asubuhi akakaa kwenye kiti kilichoelekea dirisha, lile pazia nyuma yake, amevaa shati la kazini, mikono magotini. Mimi nikasimama mbele yake na kamera, nikaweka kile kimraba kwenye jicho lake. Akanitazama vilevile anavyotazama sindano ya mizani. Mkono wangu ukaanza safari ya kwenda kwenye pazia.

"Pazia liache," akasema, bila kusogeza midomo.

Nikarudi. Ndani ya kamera uso wake ulikuwa mkubwa, karibu kuliko nilivyowahi kuuona tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Nikahesabu pumzi kama Bibi. Sikuondoka. Na yeye hakuondoka. Halafu kitu kikalegea kwenye uso wake, sijui wangu au wake ulianza, nikabonyeza.

Tukaivuta kwenye kompyuta. Kope zilionekana moja moja, Mjomba, unaweza kuzichana. Palionekana mahali wembe ulipomkwaruza, mvi mbili ndani ya nyusi ambazo Mama hakuwa anazijua, na chembe ya mkate. Nikamgeukia Dada nikiwa na ushindi wangu wote, nikamwona amejishika mashavu.

"Hii lenzi hainisogelei!" akapiga kelele. "Nina chunusi mimi! Mnataka chunusi yangu iwekwe ukutani?"

"Mimi mnipige na ile ya moshi," akasema Bibi. "Kule nilikuwa msichana."

Basi nikaona nimekwisha. Kwanza nilikuwa nanyimwa kazi kwa sababu ya ukungu, sasa nanyimwa kwa sababu hakuna ukungu. Nikaanza kuzima kompyuta.

"Usizime kwanza," akasema Dada. Alikuwa amesogeza kiti. Aliitazama picha ya Baba kwa muda, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Baba alikuwa ameshakwenda uani kusoma gazeti la leo. "Hebu mtazame," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi miaka yote nilidhani anatukasirikia. Huyu hana hasira. Huyu ana aibu, kama wewe. Mnatazamana kama wageni wawili kwenye benchi la hospitali."

Nikatazama. Ilikuwa kweli, na sijui tulikosaje kuiona.

"Haya," akasema Dada akiinuka. "Yule wa maporomoko nitamwambia asije. Lakini nisikilize, Profesa. Siku ile ukinisogelea usoni kabla sijapakwa poda, nakutoa kwenye ukoo."

Kwa hiyo kamera inabaki, na kazi ni yangu. Naogopa sana. Nyuso za harusini ni nyingi, na ukumbi ule nimeukagua, hauna pazia hata moja.

Nimekuwekea picha ya Baba ndani ya bahasha. Uitazame penye mwanga mzuri, ukiweza kwa kioo cha kukuzia. Angalia jicho la kushoto. Ndani ya mboni kuna dirisha letu, dogo kama punje ya mchele, na mbele ya dirisha kuna mtu mwembamba amesimama wima na kamera usoni. Huyo ni mimi. Kila mtu akinipiga picha huwa nainama au nageuka. Humo ndani ya jicho la Baba sikugeuka.

Mama anakusalimu na anasema harusini kiti chako kipo, hata kama hutakuja kitakaa wazi ili watu waulize. Bibi anakusalimu na amenikumbusha soksi. Dada anakusalimu, anaomba usimwambie mtu habari za chunusi. Baba anamsalimu shemeji yake, anasema kama una kitu chochote huko kinachotaka kupimwa, ulete, na kwamba gazeti lake unamlipa wewe. Mpe rafiki yako shukrani zetu kwa kubeba barua, na pole kwa kusubiri mfuko ambao haukuja.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akufungulie njia ya kuja kutuona, na akupe watu wa kucheka nao jioni unapotoka kazini.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata kwenye simu ninaposema "ndiyo, Mjomba" peke yake,

Profesa.